Anakusalimia Sana

Kwa miaka kadhaa, muongo wa miaka ya tisini ukielekea ukingoni, nilikuwa msimamizi wa mtandao wa kompyuta pekee katika mkoa mzima wa Shinyanga, na kama kulikuwa na mwingine basi alikuwa amejificha vizuri sana. Mtandao wenyewe ulikuwa kompyuta sita ndani ya nyumba ya kupanga kule Kambarage. Chumba cha wazazi alikaa meneja, vyumba vya watoto wakakaa wataalamu wa miamba, na jikoni nikakaa mimi. Meza yangu iliwekwa pale pale lilipokuwa jiko, na juu ya kichwa changu masizi ya mpangaji wa zamani yalishinda rangi za kila aina tulizoyapaka. Wageni walipouliza chumba cha mitambo kiko wapi, walielekezwa kufuata harufu ya vitunguu.

Kompyuta hizo ziliunganishwa kwa waya mmoja mweusi uliotoka moja kwenda nyingine, kama kamba iliyofunga ndama wengi kwenye mti mmoja. Kila mwisho wa waya ulikuwa na kizibo cha chuma. Kizibo kikilegea, au mtu akichomoa waya mahali popote njiani, kompyuta zote zinapoteana kwa pamoja, na nyumba nzima inaita jina langu. Karani wetu wa mapokezi alivaa viatu vyenye kisigino kirefu, na kisigino kile kilikuwa na uadui wa kuzaliwa nao na waya wangu. Nadhani nimetambaa chini ya meza pale Kambarage kuliko watoto wote waliozaliwa mtaa ule.

"Umeupiga tena?" nilikuwa namuuliza kutoka chini.

"Mimi? Wewe ndiye umeutega, baba. Waya gani unapita miguuni mwa watu kama nyoka?"

Elimu yangu niliipata jioni. Mchana nilibeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, jioni nikakaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti yakinigusa masikio, nikisoma hesabu za sekondari. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu za kutosha kujazia mto. Kisha nikaenda Mwanza kusoma kompyuta, nako jioni vilevile, darasa zima na kompyuta moja; ukipata zamu ya kugusa kibodi unaandika jina lako haraka kabla hujasukumwa. Kwa hiyo kampuni iliponiajiri na kuniandikia cheo mlangoni, nilitembea kutoka Kambarage hadi stendi bila sababu yoyote, nikitumaini nitaulizwa nafanya kazi gani.

Nasimulia kwa kucheka kwa sababu ndivyo nilivyo. Mke wangu husema siku nikizikwa nitawachekesha wachimba kaburi mpaka waangushe majembe. Lakini kuna jambo moja la miaka ile ambalo kila nikilianza kwa kicheko halifiki mwisho likiwa kicheko. Linahusu redio, na mama mmoja wa Didia.

Kampuni yetu ilikuwa ya kutafuta dhahabu. Ofisi ilikuwa Shinyanga, kambi ya kuchoronga, yaani kutoboa, miamba ilikuwa porini upande wa Geita, na Runzewe tulikuwa na ghala la vipuri. Simu haikufika kambini. Barabara ilifika ikipenda yenyewe. Kitu pekee kilichofika kila siku ni redio kubwa ya masafa marefu, iliyokaa kwenye rafu jikoni kwangu, antena yake ikipita juu ya ua kutoka paani hadi kwenye mwarobaini wa jirani, ambaye kila mwezi alitishia kuikata kwa sababu kuku wake, kwa maneno yake, waliacha kutaga.

Upande wa kambi redio ilishikwa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, ya mtu aliyezoea kuziambia treni zisubiri. Sote tulimwita Mzee wa Redio. Mimi nilimjua kwa sauti tu, sura yake sikuwahi kuiona.

Ijumaa mchana ilikuwa desturi ya kampuni kuwaachia familia za wafanyakazi redio. Wake, mama na wadogo walikuja Kambarage, wakakaa barazani, mmoja mmoja akaingia jikoni kwangu na kusema na mtu wake aliyeko kambini. Na hapo ndipo alipokuwa anakuja huyu mama. Alikuja kwa basi kutoka Didia, kitenge cha kichwani kimejaa vumbi, mkononi amebeba mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, akaniwekea mezani juu ya nyaya zangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma. "Tafuna hivyo. Umekonda kama huo waya."

"Huu waya mama ukiunyoosha unafika Bujumbura."

"Basi wewe ukinyooshwa hufiki hata Tinde."

Mwanawe alikuwa msaidizi kwenye mtambo wa kuchoronga. Alikuwa kitinda mimba, na ndiye mwana wa kiume pekee aliyebaki. Habari za yule wa kwanza alinieleza mwenyewe, siku moja akisubiri zamu yake.

Yule wa kwanza alikwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, na duara likamfukia. Duara ni shimo wanaloshuka kwa kamba kufuata mwamba wenye dhahabu. Wenzake walimzika hukohuko. Watu waliotoka machimboni walikuwa wakipita Didia na baiskeli zao kurudi makwao, na mama aliwasimamisha njiani kuwauliza. Kwetu habari ya namna hiyo haibebwi na mtu mmoja. Huletwa na wazee, wakiwa wengi, wakakaa chini kwanza, wakanywa maji, ndipo mkubwa wao akafungua mdomo. Mtu aliye peke yake njiani, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli, hana mdomo wa kumwambia mama jambo kama lile. Basi kila mmoja alimwachia atakayefuata. "Yupo mama," walimwambia. "Hajambo. Anakusalimia sana." Msimu mzima wa mvua alipokea salamu za mtu aliyekwisha kuzikwa. Naye akazirudisha. Mara moja alirudisha na kuku.

"Yule kuku alikula nani?" aliniuliza, kana kwamba mimi ningejua.

Mimi, ambaye hata kwenye msiba hukosi neno kwangu, nikachukua michembe nikatafuna.

"Tangu hapo sipokei salamu za kubebwa," akasema. "Akinisalimia, anisalimie kwa mdomo wake."

Na kweli walisalimiana. Maamkizi ya Kisukuma hayana mkato, na kwa redio yalizidi urefu kwa sababu kila mmoja ilibidi aseme "ova" ili mwenzake ajue zamu yake imefika.

"Mwadila mayu, ova," mwana alimwamkia mama yake.

"Mwadila ng'wanawane. Ginehe? Ova."

"Mhola duhu mayu. Ginehe ukaya? Ova."

Nyumbani nako mhola, salama. Hapo ndipo walipoanza. Aliulizwa shangazi, akajibiwa. Aliulizwa shangazi wa pili. Kisima. Jirani mwenye mguu mbovu. Ng'ombe mwenye baka, ng'ombe asiye na pembe, ndama wa yule asiye na pembe. Mama alikuwa hasikilizi maneno, nilimwona. Alikuwa amefumba macho na kusogeza sikio kwenye spika, akisikiliza sauti tu, kama mtu anayebonyeza mwili wa mgonjwa kutafuta panapouma. Akishatosheka, anatoa pumzi, ananirudishia maiki na kusema, "Yupo." Kisha anafunga kitenge na kwenda kuwahi basi.

Kisha zikaja modemu.

Mimi ndiye niliyezifunga, na nilizifunga kwa furaha kubwa kuliko siku ya harusi yangu, mke wangu asisikie. Modemu ni kisanduku kinachochukua barua ya kompyuta na kuigeuza mlio, mlio unapita kwenye redio, na kisanduku cha upande wa pili kinaugeuza kuwa barua tena. Sasa barua ya kambini ilifika kwenye kompyuta yoyote ya ofisi siku ileile, na matokeo ya uchorongaji, safu kwa safu za tarakimu, yakaanza kumiminika kutoka porini hadi kwenye meza ya meneja. Watu walikuja kutazama. Nilisimama pembeni kama baba wa mtoto.

Shida ni kwamba redio ilikuwa moja na njia ya hewani ilikuwa moja. Mtu akisema, mlio unavurugika, na barua inaanza upya tangu mwanzo. Ijumaa zikawa vita. Mzee wa Redio kule na mama zetu huku walisalimiana, na katikati ya shangazi wa pili na ng'ombe asiye na pembe, matokeo ya shimo zima la uchorongaji yalikufa na kufufuka na kufa tena.

Meneja akaniita. Alikuwa mzungu mrefu, mwenye Kiswahili cha kujifunza kwa madereva.

"Wewe fundi. Barua ya kambi anaanza, anakufa. Anaanza, anakufa. Kwa nini?"

"Ni Ijumaa, bwana. Watu wanasalimiana."

"Salamu ni dakika moja."

"Inategemea mtu ana ng'ombe wangapi."

Hakucheka. Kulikuwa na watu ng'ambo waliosubiri zile tarakimu, na wakichelewa kuziona wangepeleka fedha zao kutafuta dhahabu ya nchi nyingine. Hilo nililielewa. Nilimwomba aniachie hata nusu saa ya Ijumaa. Nilimwambia wengine wale hawana njia nyingine, mvua zile kubwa zimekwisha kukata barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia.

"Hapana," akasema. "Maiki toa. Redio ni ya kompyuta. Wao andika barua, wewe piga kwenye kompyuta. Bure. Haraka. Ni nzuri zaidi, au siyo?"

Yeye mwenyewe alikuwa na binti huko kwao, na barua ya binti yule ilipofika kwa njia ya mtandao wangu alifunga mlango ili aisome. Kwake kweli ilikuwa nzuri zaidi. Nikaichomoa maiki na kuiweka kwenye droo yangu, pamoja na vizibo vya akiba.

Ijumaa iliyofuata wengine walikubali. Walinitajia maneno, nikayapiga. Wapo waliofurahi, maana barua ilijibiwa kesho yake. Mama wa Didia aliweka michembe mezani, akatazama mahali maiki ilipokuwa ikining'inia.

"Imekwenda wapi?"

Nikamweleza. Nilitumia mzaha wangu wote. Nikamwambia sasa salamu zake zitapanda hewani kuliko ndege ya rais, na mwanawe atazisoma kwenye kioo kama televisheni.

"Nani atamsomea?"

"Anajua kusoma mama."

"Na mimi nani atanisomea?"

"Mimi."

"Kwa hiyo wewe ndiye utanibebea."

Nilitamani karani aupige waya wakati ule, nipate sababu ya kuingia chini ya meza.

Hakukubali kuandika. Lakini hakuondoka pia. Modemu ilikuwa kazini, na nilikuwa nimeacha spika wazi kama nilivyozoea, maana kwa kusikiliza nilijua kama barua inakwenda vizuri. Akaulizia ule mlio. Nikamwambia mashine ya kambi inaita, "Upo?" na ya kwetu inajibu, "Nipo." Ya kambi inatuma kipande, inauliza, "Umepata?" Ya kwetu inasema, "Nimepata," au inasema, "Rudia." Ndivyo zinavyokwenda mpaka barua inaisha.

"Kumbe nazo zinaamkiana," akasema.

"Zinaamkiana, mama. Tena hazichoki."

"Basi zimetufukuza ili zikae zenyewe." Akavuta kigoda karibu na rafu, akafumba macho, akaweka sikio kwenye spika vilevile kama zamani. Kisha akauliza, "Ipi kati ya hizi sauti ni ya mwanangu?"

Nilimwambia hakuna sauti yake humo, ni tarakimu za mawe tu. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kusikiliza.

Akawa anakuja kila Ijumaa, barabara ya Didia ikiruhusu. Anasikiliza mlio, anatafunisha ofisi nzima michembe, anaondoka. Lakini hakuwahi tena kusema, "Yupo." Hilo neno lilikoma. Nilimwona anavyopungua. Shingo ilianza kuonyesha mishipa. Nikaamua, bila kumwambia, kumtafutia uhakika. Nikamwandikia karani wa kambi: mwambie kijana huyu amwandikie mama yake neno ambalo wao wawili tu wanalijua, labda rangi ya ndama, chochote, nimpelekee. Nilijiona mwerevu kupindukia.

Jibu lilifika Jumatano. Kijana hayupo. Ameacha kazi, ameondoka na wenzake wawili kwenda kwenye machimbo mapya upande wa Runzewe, inasemekana dhahabu iko juujuu. Hakuaga.

Niliisoma kwenye kioo mara nyingi, kana kwamba nikiendelea kuisoma itabadilika. Machimbo. Kati ya njia zote za dunia alikuwa ameshika ileile ya kaka yake.

Ijumaa nilimkalisha mama. Sikufanya mzaha. Labda hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu mtu aliyekuzoea ukicheka hakutambui ukinyamaza.

"Mama, mwanao ameacha kazi. Ameondoka kambini kwenda kwenye machimbo mapya, Runzewe huko. Ameondoka kwa miguu yake, mzima."

Akaniangalia, kisha akacheka. "Wewe! Wewe wa waya unaofika Bujumbura!"

"Ule ulikuwa utani."

"Na huu?"

"Huu si utani mama."

"Nani kakuambia?"

"Imekuja kwenye kompyuta."

"Kompyuta ilimwona akiondoka?"

"Karani wa kambi ndiye aliyeandika."

"Karani alimwona akiondoka?"

Sikujua. Hakuna mahali katika barua ile palipoonyesha nani alimwona.

"Nipe maiki," akasema.

Meneja alikuwa amesafiri kwenda Mwanza. Modemu ilikuwa katikati ya matokeo ya shimo refu, na mlio ulikuwa unakwenda vizuri, safi, kama mara chache unavyokwenda wakati wa mvua. Nikafungua droo. Nikaitoa maiki chini ya vizibo, nikaichomeka, na ule mlio ukakatika.

"Kambi, Kambi, Shinyanga hapa, ova."

Kisha ile sauti nzito. "Shinyanga, Kambi anakupata. Nani huyo anayefufua wafu? Ova."

Nilipata faraja kumsikia. Huyu, nilijiwazia, ni mtu mzima, ni mkubwa wa watu pale, mama anamjua kwa sauti. Atamwambia, na mama atasadiki. Nikampa mama maiki.

Waliamkiana. Wote wawili walikuwa wamekosa kuamkiana kwa muda mrefu, na hawakuruka kitu. Mwadila. Ginehe. Mhola. Mvua. Mazao. Magoti ya Mzee. Mama aliuliza magoti yote mawili. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetaka asieleweke vibaya:

"Mwanangu yuko wapi, baba? Ova."

Nilisikia ule mvumo wa hewa tupu kati ya Shinyanga na Geita, mvumo ambao kikazi nilikuwa nimeusikiliza kuliko muziki wowote.

Nimemfikiria sana Mzee yule tangu siku hiyo. Alikuwa peke yake ndani ya hema, ameshika maiki kwa mkono mmoja. Hapakuwa na wazee wenzake, hapakuwa na mahali pa kukaa chini wala maji ya kunywa kwanza. Na kile alichotakiwa kusema hakikuwa hata kifo. Kilikuwa machimbo tu. Lakini aliijua historia ya yule wa kwanza, kambi nzima iliijua, na machimbo masikioni mwa mama yule hayakuwa neno dogo.

"Yupo mama," ilisema sauti nzito. "Hajambo kabisa. Anakusalimia sana. Ova."

Mama alishusha maiki mpaka magotini, kidole bado kimebonyeza kitufe, hivyo Mzee hakuweza kusema tena hata kama alitaka. Nikamfungua kidole taratibu.

"Ndivyo walivyosema wale wa baiskeli," akaniambia.

"Hapana mama. Hapana. Sikiliza." Nilinyakua maiki. "Mzee! Mwambie ukweli! Kijana ameacha kazi, ameondoka mzima, si ndiyo? Mwambie hivyo! Ova!"

"Kijana, mama yupo hapo bado? Ova."

"Yupo! Ndiyo maana nakuambia!"

"Basi mwambie anasalimiwa sana. Kambi anafunga."

Nikaita tena. Nikaita mpaka karani wa mapokezi akaja mlangoni kuona kuna nini. Kilichorudi ni mlio: modemu ya kambi, baada ya kusubiri kwa heshima zake zote, ilikuwa imeanza upya. Upo? Upo?

Mama alisimama. Nikamshika mkono, kitu ambacho si adabu, nikamwambia kwa kila namna niliyoijua kwamba mwanawe hajafa. Nilimsomea ile barua kwenye kioo. Alisubiri nimalize.

"Wabeja, ng'wanawane," akanishukuru. "Wewe umejitahidi. Usihangaike tena."

Alisahau mfuko wa michembe. Au hakusahau.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Meneja alirudi, akakuta matokeo yote yamefika salama, akanipa mkono. Hakuna aliyeuliza kwa nini shimo moja lilichelewa. Nilitamani aulize, nilitamani anifukuze. Lakini mtandao ulikuwa unafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote tangu niufunge, na mtu hafukuzwi kwa hilo.

Nikageukia Runzewe. Niliandika kwa mtunza ghala wetu, nikarudia, nikaandika tena, nikamweleza kijana yukoje, kovu lake liko wapi, kama mama alivyowahi kunisimulia. Nilimwomba aulize kila anayetoka machimboni kununua chumvi. Na siku moja, mvua zimekatika, jibu likaja. Nililisikia likija, kipande kwa kipande, umepata, nimepata, bila kurudiwa hata mara moja. Likatokea kwenye kioo bila kupungua herufi.

Ameonekana. Mzima. Anamsalimia sana mama yake.

Niliruka. Nilimkumbatia karani, kisigino na vyote. Nikaliweka kwenye printa, na karatasi ilipokuwa inatoka mstari kwa mstari, ndipo lile neno la mwisho likanirudia na kunipiga. Nikakaa. Nikaandika Runzewe: nani alimwona? Jibu: watu. Watu gani? Wapita njia, wamekwisha kwenda zao. Niletewe huyo kijana kwenye redio, nitaichomeka maiki. Jibu: wanasema amehamia mbele, hawajui wapi.

Mashine zangu zilihakiki kila herufi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yao, niliwahi kuisifia mbele ya wageni mpaka mate yakanikauka. Herufi ikipotea njiani zinajua, zinarudia. Lakini mtunza ghala wa Runzewe alikuwa mtu mwema, mtu wa kwetu, na alijua anamwandikia mtu atakayempelekea mama. Niliitazama karatasi ile na sikuwa na namna yoyote ya kujua kama nimeshika habari au nimeshika huruma.

Hata hivyo nilikwenda Didia. Nilikunja karatasi nikaiweka kwenye mfuko wa shati, nikapanda basi, nikatembea kipande kilichobaki kati ya mashina ya pamba iliyokwisha kuvunwa. Njia nzima nilijifunza jinsi ya kuanza. Nilitafuta maneno mengine ya kusema kwamba mtu yu hai na anamkumbuka mama yake, na mimi ni mtu wa maneno, nimemaliza shule kwa maneno kuliko hesabu. Sikupata hata moja ambalo halikuwa limekwisha kutumika.

Alikuwa amekaa kivulini pa nyumba, anakata viazi vya kukausha. Alikuwa amenyolewa kichwa chote, kama mfiwa. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, nyeupe. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa, basi. Walikuwa wamekuja wengi, wakanywa maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane. Karibu. Ginehe?"

"Mhola duhu."

Akanisogezea kigoda. Akaniuliza mke wangu, nikajibu. Watoto, mmoja mmoja. Akaniuliza yule binti wa viatu virefu. Jirani mwenye kuku wasiotaga.

"Na zile mashine zako, bado zinaamkiana?"

"Zinaamkiana, mama."

"Mhola?"

"Mhola."

Akarudi kwenye viazi. Aliacha nafasi, nafasi ndefu, ile ambayo mgeni hutumia kusema kilichomleta. Niliisikia karatasi ikinishika kifuani kwa jasho. Kisu kilikwenda, kikasimama, akaninyanyulia macho na kusubiri.

Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Akanijibu, mmoja mmoja.